Kaa Kule

Gongoni, Tabora
6 Oktoba 2024

Mke wangu mdogo Najiat,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika mikononi mwangu ikinuka dagaa, nadhani kondakta aliiweka kwenye mzigo usio wake. Haidhuru, inasomeka. Hapa hatujambo. Zuwena, binti wa marehemu kaka yangu, bado ananilea kama kitoto. Asubuhi ananipa uji, jioni ananipa maneno. Mwembe wa jirani umedondosha tawi juu ya bati letu na sasa jirani anadai tawi lake.

Najua vijana hamwandiki barua siku hizi, na nakushukuru kwa kunivumilia. Lakini masikio yamekwisha. Ukinipigia simu, inambidi Zuwena arudie kila neno lako kwa kelele, na mara ya mwisho muuza mkaa alijua kabla yangu kwamba umeachana na mchumba. Tena nilikuwa mwalimu. Nikiwa na karatasi mkononi naona nina mwanafunzi.

Sasa huyo Masolwa unayecheza naye gemu. Unasema anakuja moja kwa moja, hajali kudungwa, akifika anakukamata na kukubwaga. Mimi sioni ajabu yoyote. Kumbuka likizo ile ulipoiunga mashine yako ya gemu kwenye runinga yangu. Nilimchagua mzee mwenye mkuki mrefu nikamwita Mpagazi, kwa sababu alikuwa anatembea kama watu wa misafara walivyosimuliwa na babu yangu, bega moja limeshuka kwa mzigo. Ukanicheka: "Babu, mbona unakimbia?" Nikakushinda, ukanuna, bibi yako Batuli akakupa maandazi ya kukufariji.

Mkuki wako ni mrefu kuliko mkono wake. Akija hatua moja, rudi hatua moja. Akiruka, mdunge angali hewani. Usimruhusu akufikie, maana akishakufikia huwezi kujua kama atapiga au atakamata. Mbali unaona, karibu unabahatisha.

Kuhusu kuja kuniangalia, usijisumbue. Miguu imevimba kidogo tu. Safari ni ndefu na una kazi.

Mumeo mzee,
Uwesu


Sinza, Dar es Salaam
27 Oktoba 2024

Shikamoo mume wangu mzee,

Natumaini Zuwena hajambo na mwenye tawi amepewa tawi lake. Mimi mzima. Ofisini wametuhamishia ghorofani, lifti haifanyi kazi, kwa hiyo nimepungua bila kupenda. Baba amepita hapa kutoka kwenye maonyesho ya wafuga nyuki, kaacha dumu la asali yako. Nampa mtu wa basi pamoja na barua hii. Baba anakusalimu sana.

Babu, nimepigwa. Usiniulize kwa kiasi gani.

Pale kwenye kibanda chetu cha gemu niliandika maneno yako ukutani kwa kalamu nzito, "Mbali unaona, karibu unabahatisha." Wote wanajua ndiyo staili yangu. Ndiyo maana wananiita Kaa Kule. Nikiingia tu mtu anapiga kelele, "Jamani, Kaa Kule huyo, pisheni, anahitaji nafasi ya kukimbilia!" Nimezoea.

Jumamosi nikakaa na Masolwa. Ni Msukuma wa Shinyanga, anajifanya mtani wangu tangu aliposikia natoka Tabora. Akavuta kiti akasema, "Nyie Wanyamwezi si wabeba mizigo? Leo utanibeba mimi."

Raundi ya kwanza nilifanya kama ulivyoandika. Akija narudi, akiruka namdunga. Damu yake ikabaki kidogo sana, watu wakaanza kunishangilia. Nikarudi tena. Nikarudi tena. Halafu Mpagazi akagoma kurudi. Skrini ilikuwa imeisha, Babu. Nilikuwa kwenye kona. Masolwa akatembea taratibu kama mtu anayekwenda msikitini, akafika, nikajikinga, akanikamata. Nikasimama, nikajikinga, akanikamata. Raundi zote zikaisha hivyo. Akaniambia, "Dada, ulikuwa unakwenda wapi?"

Je, Babu, wewe unalo jibu?

Mashindano makubwa ni mwanzoni mwa Februari, na Masolwa atakuwepo. Nifundishe nikiwa kwenye kona nifanye nini. Na Zuwena amenitumia ujumbe kwamba miguu haijavimba "kidogo tu", imevimba sana. Nakuja Desemba.

Mkeo,
Najiat


Gongoni, Tabora
20 Novemba 2024

Najiat,

Samahani kwa kuchelewa. Nililazwa siku chache, sasa niko nyumbani. Asali nimeipata, mwambie baba yako ahsante, naila kwa kijiko Zuwena akigeuka. Wasalimie wote wa nyumbani kwenu Sikonge.

Umeuliza ufanye nini kwenye kona. Jibu ni kwamba usifike kwenye kona. Kosa lako ni kurudi nyuma bila kupima ukuta uko wapi. Rudi mara mbili, kisha msukume kwa ncha ya mkuki upate tena uwanja. Mtu anayejua kupima umbali anaweza kucheza maisha yake yote asiguswe.

Desemba usije. Mvua zimeanza na mabasi yanakwama. Mimi mwenyewe nalala sana mchana. Ukija ghafla ukakuta mlango umefungwa, usidhani nimekukataa.

Uwesu


Sinza, Dar es Salaam
8 Desemba 2024

Shikamoo Babu,

Pole kwa kulazwa. Nilijua kwa Zuwena kabla barua yako haijafika. Tuliishia kugombana kwenye simu kwa sababu ulimkataza asiniambie. Nimenunua tiketi nikairudisha, kwa kuwa umekataa. Sitaki nije nikuudhi ukiwa mgonjwa. Lakini barua yako nimeisoma mara nyingi na kuna mahali nimekwama.

Nani amekuambia nitadhani umenikataa? Mimi nimeingia nyumba hiyo tangu nipo kidato cha kwanza, siku ya kwanza ya matembezi ya shule yetu ya bweni hapo Tabora. Nilisema hodi, Bibi Batuli akafungua mlango kabla sijamaliza. Alinishika uso kwa mikono yenye unga akasema, "Mama yako yuko wapi, amebaki nyuma?" Sikuwahi kukuta mlango huo umefungwa. Kwa hiyo uliandika kuhusu mtu mwingine.

Babu, Sikonge ni kama saa mbili kutoka hapo. Baba anakusalimu. Mama hakusalimii, na wewe hujawahi kuniuliza kama yupo hai. Kwenye msiba wa Bibi alikuja, akakaa na wanawake mpaka maziko yakaisha, akakuamkia uani, ukaitikia, akaondoka. Nilikuwa nimebeba sufuria katikati yenu. Nilidhani ni mambo ya dini, kwa kuwa baba ni Mmoravian. Mama nikimwuliza anasema, "Mwulize babu yako." Leo nakuuliza.

Sasa gemu. Masolwa kanihurumia akanifundisha. Kasema, "Dada, kujikinga hakuzuii kukamatwa. Kinga inazuia ngumi tu. Mtu akinyoosha mikono akukamate, na wewe nyoosha yako akukute unamkamata. Mikono ikigongana mnaachana, hakuna anayeumia." Kuna kitufe chake. Nimecheza miaka yote hii sikujua kama kipo. Nikamwambia mwalimu wangu hakunifundisha. Akauliza, "Mwalimu wako alikuwa anakijua?"

Je, ulikijua?

Najiat


Gongoni, Tabora
19 Januari 2025

Mjukuu wangu Najiat,

Kwa rehema za Mungu barua hii ikufikie kabla ya habari zangu. Hatujambo kwa kadiri ya umri. Zuwena alikuwa na malaria, amepona. Mvua imekata reli, wasafiri wamelala stesheni ya Tura, na barabara nayo ni matope, kwa hiyo sijui karatasi hii itapita wapi. Nimeianza mara nyingi. Mwandiko unakwenda upande, usiusahihishe.

Kitufe nilikijua. Siku ile ya kwanza kilikuwa kwenye maelezo yaliyoonyeshwa kwenye runinga, nami husoma maelezo yote. Sikukutajia kwa sababu sikuona sababu ya mtu kufika huko.

Sasa nakujibu la mama yako.

Shamimu alipotaka kuolewa na baba yako nilisema hapana. Baba yako hakuwa na kosa. Nilikuwa mwalimu mkuu, nilikuwa nasomesha watoto wa watu tafsiri ya Kurani jioni, na niliona haya ya kuulizwa msikitini. Wakaoana bomani. Nikamwambia bibi yako: hakuna mtu wa nyumba hii kwenda Sikonge. Yeye ndiye aliyeondoka, yeye ndiye aje kwanza. Batuli alikubali kwa sababu aliamini hukumu hiyo ni ya muda. Alisema, "Mwanangu namjua, atakuja."

Alikuja.

Ilikuwa alasiri, mwaka uliozaliwa wewe. Batuli alikwenda kwenye maulidi ya jirani na nyumba ilikuwa kimya. Nilikuwa nimekaa ukumbini, kwenye kiti cha mkono kilichopo mpaka leo, hatua chache kutoka mlangoni. Nilisikia baiskeli ya kukodi ikisimama, nikamsikia akimwambia kijana wa baiskeli, "Ningoje kidogo." Nikaijua sauti. Akasema hodi.

Najiat, wewe unajua neno lenyewe la kujibu. Ni neno moja, mtoto wa miaka miwili analiweza. Lilifika hapa mdomoni. Lakini kupitia upenyo wa mbao nilimwona amesimama ubavu, mkono mmoja kiunoni, na tumbo. Tumbo hilo ni wewe. Nikajua kwamba nikifungua nitamshika, na nikimshika nimeshindwa, na kila nililosema mbele ya watu litakuwa la mzaha. Nikabana pumzi. Akasema hodi tena. Akasema hodi ya tatu.

Mimi ni mtu niliyesoma. Najua adabu yetu: mgeni hubisha hodi mara tatu, asipojibiwa arudi zake bila kinyongo. Nilikuwa nazihesabu. Ilipofika ya tatu nikajiambia kanuni imetimia, hakuna wa kulaumiwa. Baiskeli ikaondoka. Batuli aliporudi akauliza, kama alivyokuwa akiuliza kila anaporudi, "Hakuja mtu?" Nikasema, "Hakuja mtu."

Ningekuwa nimeishia hapo ningekuwa baba mkaidi, nao ni wengi. Lakini uongo ule niliulea. Ulipokuja wewe na sare zako za shule, Batuli akafurahi akadhani mama yako yuko njiani nyuma yako. Kila sikukuu alikuwa akifungua mlango wa mbele kabla ya alasiri na kuuegemeza kwa kinu. Alipakua na sahani moja ya ziada. Mimi nilikula nikitazama sahani ile. Kila mara alipomlaumu Shamimu kwa moyo mgumu, nilisema, "Mwache, ni mtoto." Nikasifiwa kwa upole wangu.

Siku mbili kabla hajafariki alinishika kidole, si mkono, kidole, akauliza, "Uwesu, kweli Shamimu hajawahi kufika mlango huu hata siku moja?" Nilikuwa na nafasi. Hakukuwa na mtu chumbani. Nikasema, "Hajawahi." Akageukia ukutani. Amekufa akiamini mwanawe hakumtaka.

Na wewe nilikukalisha mbele ya runinga nikakufundisha kurudi nyuma. Nilijisikia hodari sana.

Daktari amesema maji yamefika kwenye mapafu. Hakusema muda, ila ameacha kunikataza chumvi. Mama yako sijamwambia. Nakuachia wewe umfikishie kwa namna utakayoona inafaa, wewe unamjua zaidi. Mimi sina uso.

Uwesu


Sinza, Dar es Salaam
9 Februari 2025

Shikamoo Babu,

Barua yako imechukua wiki mbili na siku kadhaa. Ilikuja ikiwa imelowa, na maneno ya ukurasa wa mwisho yamechuruzika, lakini nimeyasoma. Naomba usiniulize kama nimelia.

Nina hasira na wewe. Naiandika ili uione, kwa sababu ukiwa mbele yangu nitakuonea huruma. Bibi alinisuka nywele kila Jumapili akinisimulia mama alivyokuwa akipenda matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha. Alikuwa ananipa niyapeleke Sikonge. Nilikuwa nayapeleka. Mama alikuwa anayala akiwa amesimama, ananipa kisogo. Sasa naelewa.

Na jambo la pili. Hata kukiri umekiri kwa mbali. Umenirushia mimi ili mama asikufikie. Mpagazi yule yule, mkuki ule ule. Nilitaka kukurudishia barua yako.

Sikuirudisha. Nilimpigia mama simu, nikamwambia akae chini, nikamsomea yote, hata habari za kinu. Nilipomaliza akasema, "Nilijua alikuwemo."

Babu, makubadhi yako yalikuwa mlangoni. Aliyaona kabla hajasema hodi ya kwanza. Amejua miaka yote hii, na hakumwambia Bibi wala mimi wala baba, kwa sababu, alivyosema, "Ningemwambia mama ningekuwa nimemvua baba nguo."

Halafu akasema jambo ambalo nataka ulisome polepole. Amesema umekosea kuhesabu. Hakubisha hodi tatu. Alibisha mbili. Ya tatu ilikuwa mdomoni akaimeza, kwa kuwa na yeye anaijua adabu uliyomfundisha. Angesema ya tatu ukanyamaza, angekuwa hana ruhusa ya kurudi tena. Kwa hiyo aliibakiza.

Nikamwuliza, "Kwa ajili ya nini, mama, miaka yote hiyo?" Akasema, "Sijui. Niliibakiza tu."

Ile ya tatu uliisikia wewe peke yako. Ulikuwa unaihitaji.

Mama anakuja Ijumaa hii, alasiri. Nimempa barua hii mtu wa basi la usiku ili ikutangulie, na Zuwena ana agizo langu akupe hata ukiwa umelala. Mama amesema usimtume Zuwena afungue.

Gemu ilikuwa jana. Nilifika nusu fainali, nikakutana na Masolwa. Raundi ya mwisho akanibana kona kama kawaida yake. Alipokuja sikurudi, maana hapakuwa na pa kurudi, na sikujikinga. Nilinyoosha mikono. Ikagongana na yake, tukaachana. Mtu mmoja akapiga kelele, "Kaa Kule amehamia Kaa Hapa!" Baadaye alinishinda, kwa sababu karibu bado sipajui vizuri. Ila sikuwa nakimbia.

Mkeo, ukitaka bado,
Najiat


Gongoni, Tabora
15 Februari 2025

Mke wangu,

Naandika machache, mkono unachoka.

Barua yako ilikwama kwenye matope, ikanifikia jana asubuhi. Nikamwambia Zuwena anitoe kitandani aniweke kwenye kiti cha ukumbini. Akagombana nami, nikashinda. Nikamwambia afungue mlango auegemeze kwa kinu. Kinu hakikuonekana, kumbe alikuwa amemwazimisha jirani mwenye tawi, kikaletwa kwa manung'uniko.

Kwa kuwa sisikii vizuri niliogopa nitaikosa sauti yake. Basi kila kivuli kilichopita mlangoni nilikijibu, "Karibu." Muuza maziwa akaingia akakaa, ikabidi apewe chai. Akaingia mtoto wa jirani. Akaingia mbuzi. Zuwena akasema, "Baba mdogo, utatujazia nyumba."

Shamimu alipofika sikumsikia, nilimwona. Amezeeka, Najiat. Hakuna aliyeniambia, na msibani sikumtazama usoni. Alisimama nje ya kizingiti, akatazama makubadhi yangu pale chini, akaona mlango uko wazi na mimi nimekaa namtazama, na bado akasema hodi. Niliisoma kwenye midomo yake. Nikajibu. Sauti haikutoka vizuri, nikajibu tena, nikanyoosha mikono yote miwili kama mtoto anayetaka kubebwa.

Sikusamehewa kwa maneno. Mimi niliomba radhi, yeye alisema, "Dawa umekunywa saa ngapi?" Akamfukuza mbuzi. Jioni alikwenda makaburini peke yake, akakaa huko mpaka magharibi, na aliporudi macho yalikuwa mekundu na hakunitazama. Najua alikwenda kumwambia mama yake kwamba alikuja siku ile. Ilikuwa kazi yangu kusema hivyo, kwa mtu mwenye masikio, nikiwa nimeshikwa kidole. Hilo nitakwenda nalo. Usinifariji.

Njoo sasa. Nilikukataza kwa sababu nilijua ungekaa kitandani mwangu na kuniuliza. Njoo na mashine yako. Nataka kukiona hicho kitufe.

Ni alfajiri, nyumba imelala. Mama yako hakutaka kitanda cha wageni. Ameburuta kile kiti cha mkono kutoka ukumbini, miguu yake ameiweka kwenye ukingo wa godoro langu, analala akikoroma kama Batuli. Nikinyoosha mkono nafika.

Uwesu